Kujifunza Kuinamisha Nyumba

Nilistaafu nikiwa mchora ramani. Wapimaji walikwenda porini, wakarudi na madaftari yenye vumbi na vipimo, na mimi nilikaa ofisini nikayageuza yale madaftari kuwa mistari. Nusu ya kwanza ya kazi hiyo niliifanya kwa kalamu za wino, rula ya chuma na wembe wa kukwangulia makosa. Nusu ya pili niliifanya kwa kompyuta, ambayo haikosei lakini pia haina raha yoyote. Serikali ilipohamia Dodoma na kila mtu akataka kiwanja, nilichora mitaa mizima ambayo wakati huo ilikuwa bado miiba na mbuzi. Hata leo nikitembea Nzuguni, ninakokaa, naweza kukuonyesha ukuta wa jirani uliotoka nje ya mpaka kwa hatua moja. Sisemi kitu. Lakini nauona.

Mwezi wa kwanza wa kustaafu mke wangu alinivumilia. Mwezi wa pili alinikuta nimefunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi kwenye bustani yake ya mchicha, nikiwa nimeng'oa kila mche uliojiotea nje ya mstari.

"Baba," aliniambia, maana ameniita hivyo tangu tupate mtoto wa kwanza, "mchicha haukuomba hati. Nenda mjini ukatafute kitu cha kufanya."

Nilikwenda kweli, kwa hasira kidogo. Niliingia duka la vifaa vya shule bila kujua natafuta nini, nikamkuta mama mmoja mwenye ushungi wa kijani akibishana na muuzaji juu ya brashi. Alikuwa akivuta nywele za ile brashi moja moja na kuzipanga juu ya kaunta.

"Tazama," alisema, "inanyonyoka kama kuku mgonjwa. Mtu atapakaje rangi na hii?"

Nilicheka. Akageuka, akanitazama, akanisalimu kwanza kama inavyopasa. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nawe ni mchoraji?"

"Wa ramani," nilisema.

"Aa." Aliniangalia mikono. "Basi nusu ya kazi unaijua. Ile nusu nyingine itakusumbua."

Hivyo ndivyo nilivyompata mwalimu wangu. Alikuwa mtu wa Kondoa, umri wa mwanangu mkubwa, amefundisha sanaa sekondari kwa miaka mingi, na kila Jumamosi asubuhi aliwafundisha watu wazima kuchora kwenye baraza ya nyumba yake Makole. Wanafunzi wake tulikuwa wanne. Wale wengine watatu walikuwa wanawake waliokuwa bado kazini, wanaokuja na vitafunio, na kwa wiki kadhaa mimi ndiye niliyekuwa mwanamume pekee na mtu pekee aliyeshindwa.

Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Hakutuanzisha na chungu wala maua. Kila mwanafunzi mpya alipewa picha ileile moja, iliyochapishwa na kuwekwa ndani ya bahasha ya plastiki, akaambiwa airudie mpaka aielewe. Ilikuwa picha ya kijiji cha Ulaya. Barabara inashuka katikati, ya bluu, bluu iliyokolea kama nili ya kufulia. Nyumba zimesimama pande zote mbili, lakini kusimama ni neno la heshima tu. Zimeinama, moja inaegemea nyingine, moja imejitenga kama aliyenuna. Mapaa ni mekundu, ila moja ni la kijani. Nyuma yake kuna mlima wa zambarau, na mbingu ni njano iliyochanganyika na rangi ya chungwa, kana kwamba kitu kinaungua upande wa pili.

"Huyu aliyechora alikuwa anaumwa?" niliuliza.

"Alikuwa mzima kabisa," mwalimu alisema. "Walikuwa kundi la wachoraji Ujerumani, zamani za mababu zetu. Walichoka kuchora vitu vinavyoonekana. Walitaka kuchora jinsi vitu vinavyowagusa. Mtindo huo wenyewe wanauita ekspreshonizimu, lakini ukishindwa kulitamka neno hilo hakuna atakayekunyima rangi."

Siku hiyo ya kwanza nilichora kwa mkaa. Nilikaza macho, nikafanya kazi saa mbili bila kuinua kichwa, na nilipomaliza nilijisikia vizuri. Mwalimu alikuja nyuma yangu na kikombe cha chai ya tangawizi. Aliinama kutazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha adabu, kile cha mtu anayejitahidi kisitoke.

"Mzee wangu," alisema, "hapa umechora mradi wa nyumba za watumishi."

Nilitazama. Ilikuwa kweli. Bila kujua, nilikuwa nimezinyoosha zote. Kila ukuta ulisimama wima, kila paa lilikaa sawasawa juu ya ukuta wake, na ile barabara ilipita katikati kwa upana uleule kutoka juu hadi chini, tayari kwa lami. Wale wanawake watatu walikuja kuangalia. Mmoja aliuliza kama viwanja bado vipo.

Nilicheka nao, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na jambo moyoni. Si aibu hasa. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba mkono wangu ulikuwa unafanya kazi peke yake, kwa amri za zamani, na haukuniuliza.

Wiki iliyofuata mwalimu aliona rula imechungulia kwenye mfuko wa shati langu. Alinyoosha tu kiganja, na mimi nikampa. Aliiweka juu ya kabati la vyombo. Kisha akaigeuza ile picha juu chini.

"Leo hakuna nyumba," alisema. "Kuna mistari na vipande vya rangi. Chora hivyo vipande, usiulize ni nini."

Hapo nilifanya vizuri mno. Kukisia pembe kwa macho ni kazi niliyoizoea, na kwa kuwa sikujua naangalia ukuta au paa, sikuwa na sababu ya kunyoosha kitu. Nilipaka kwa rangi za akriliki, kwenye kitambaa cha pamba cha merikani ambacho mwalimu alikigongelea mwenyewe kwenye fremu ya mbao na kukipaka rangi nyeupe ya ukutani. Ilinichukua Jumamosi tatu. Tulipoigeuza picha yangu na kuiweka kando ya ile ya kwenye plastiki, zilifanana kama mapacha. Kila nyumba iliinama kwa kipimo chake. Nilisubiri sifa.

Mwalimu alizitazama zote mbili, akarudi hatua moja, akasogea tena.

"Ni sahihi," alisema.

"Asante."

"Ni sahihi kabisa. Sasa mbona imelala?"

Sikumwelewa, na nadhani yeye mwenyewe alijua kwamba nisingeelewa. Alijaribu kunieleza kwamba zile nyumba za yule mchoraji zimeinama kwa sababu fulani, na zangu zimeinama kwa sababu za kwake zimeinama. Nilimwambia kwamba kazi ya kunakili ni kunakili. Alisema ndiyo, mzee, ni kweli. Nilipanda gari kurudi Nzuguni nikiwa nimeamua kutorudi tena Makole, na mke wangu aliponiona nimeweka picha uso ukutani, aliondoka taratibu akaenda kuweka uzio wa miiba kwenye mchicha wake.

Dada yangu alikuja wiki ileile.

Yeye ndiye mkubwa wetu, amenizidi miaka kumi na miwili. Mama alipokwenda shamba, mgongo ulionibeba ulikuwa wake. Anaishi Hombolo, kwenye ardhi ileile tuliyozaliwa, na hadi miaka ya karibuni alikuwa analima uwele wake na kutunza mistari michache ya mizabibu. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea mwanzoni mwa mwaka, nikaona anamimina chai kando ya kikombe. Nikaona pia kwamba anachagua karanga kwa vidole, uso ameuinua, hazitazami. Nilipomuuliza, alisema taa ndiyo mbaya. Tulikuwa nje, saa nne ya asubuhi.

Nilimpeleka hospitali. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema ugonjwa huo huondolewa, si jambo la kutisha, wataanza na jicho la kulia, lakini kuna foleni ya wiki tatu. Kwa hiyo akaja kukaa kwetu kusubiri. Alifika na begi moja, kifurushi cha mlenda uliokaushwa na maneno mengi juu ya vumbi la Nzuguni, akawasalimu kwa Kigogo majirani wote waliokuwa wakichungulia ukutani, "Mbukwenyi!" kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe, na wale wa kutoka Pwani wakabaki kutazamana.

Asubuhi ya pili alikuwa kwenye baraza na sinia la karanga mapajani. Mke wangu alikuwa akifagia, na alipofika kwenye picha yangu aliigeuza, nadhani kwa uchokozi.

"Wifi," alimwambia dada, "umeiona kazi ya mdogo wako? Amekwenda Makole mwezi mzima kujifunza kuchora nyumba zilizolewa."

Dada aliweka sinia chini. Alisogea karibu sana, pua karibu iguse kitambaa, kisha akarudi nyuma mpaka ukutani. Aligeuza kichwa upande, kama kuku anavyotazama punje.

"Hazijalewa," alisema. "Ndivyo zilivyo."

"Ndivyo zilivyo nini?"

"Nyumba. Ndivyo ninavyoziona nyumba."

Mke wangu alisimama na ufagio mkononi. Mimi nilikuwa mlangoni. Dada aliendelea kusema huku anaitazama picha, bila huzuni, kama anaeleza njia ya kwenda kisimani. Alisema jioni akitoka nje, nyumba ya jirani yake inamsogelea, halafu inarudi. Pembe za kuta zimelainika. Paa halina mahali linapoishia. Linayeyukia mbinguni kama samli juu ya ugali wa moto. Taa ina sharubu. Watu wakija, rangi ya nguo zao inafika kwanza, wao wanafuata baadaye.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Muda."

"Muda gani, dada?"

"Mvua ya juzi na ya mwaka ule mwingine."

Miaka miwili. Nilikuwa nimemtembelea kila baada ya miezi mitatu, tumekula pamoja, nimemweleza mambo ya viwanja, na kabla ya kuona chai inamwagika sikuwahi kumuuliza anaona nini. Yeye naye hakusema, kwa sababu aliogopa kuambiwa ahame Hombolo. Nilikaa chini kwenye kizingiti. Yeye alirudi kwenye karanga zake, na baada ya muda akasema, "Lakini hii ya kwako imekauka. Zile ninazoziona zinatembea."

Aliyesema vile hakuwa ameshika brashi hata siku moja. Lakini alikuwa amerudia yaleyale ya mwalimu, na safari hii sikuweza kununa, kwa sababu yeye alikuwa na ushahidi.

Nilikwenda Makole Jumamosi hiyo, nikaomba fremu nyingine.

Mwalimu hakuuliza sababu. Alinipa na brashi pana, ya kupakia milango. "Hii haitakuruhusu kufanya udogoudogo," alisema.

Ile picha ya tatu niliifanyia nyumbani, kwenye baraza, dada akiwa kando yangu. Tulianza kila siku baada ya chai. Nilitundika ile ya kwenye plastiki kwenye msumari, halafu nikavua miwani. Bila miwani siwezi kusoma hata gazeti, na kitambaa cha mbele yangu kilibaki weupe tu wenye mawingu. Niliona aibu kidogo, kama mtu anayeigiza kilema cha mwingine, nikamwambia dada ninachofanya. Alifurahi sana. "Vizuri," alisema. "Sasa tumekuwa wawili."

Nilimuuliza juu ya kila nyumba. Hii unaionaje? Naye alinijibu bila kusita. Ile kubwa ya kulia ilikuwa na hasira, alisema, inataka kupita lakini njia imezibwa. Ile yenye paa la kijani ina watoto wengi ndani. Zile mbili za nyuma zinasengenya. Mwanzoni niliyachukua kama mazungumzo ya kupitisha asubuhi, lakini mkono wangu uliyachukua kwa uzito zaidi. Nilipopaka ile yenye hasira, niliisukuma mbele kwa nguvu kiasi kwamba ukuta wake uliingia barabarani. Kwenye ofisi yangu ya zamani hilo lingekuwa kosa la kuvunjiwa. Nikaliacha.

Tuligombana juu ya barabara tu.

"Hiyo ya katikati ni majivu," dada alisema.

"Ni bluu."

"Barabara ya bluu iko wapi? Ni majivu, labda na tope kidogo."

"Dada, nimeshika kopo. Limeandikwa bluu."

"Kopo linaweza kudanganya."

Hakukubali. Siku nne mfululizo alirudia kwamba namchezea kwa kuwa haoni, na mke wangu alipoitwa kuwa shahidi akasema ni bluu, dada alisema mke na mume ni kitu kimoja, hawatoi ushahidi.

Siku moja nilibakiwa na sehemu tupu upande wa kushoto, chini, ambapo yule mchoraji alikuwa ameweka kichaka. Nilikuwa nimechoka, nina rangi ya udongo imebaki kwenye sahani, nyekundu na kahawia, sikutaka ipotee. Nilimuuliza dada kama anaikumbuka nyumba ya mama.

"Ile tembe? Nitaisahauje?" Alicheka. "Unakumbuka ilivyokaa baada ya ile mvua kubwa?"

Sikukumbuka, nilikuwa mdogo mno. Akanieleza. Mvua ilinyesha siku tatu, udongo wa paa ukawa mzito, na pembe moja ya nyumba ikazama. Majirani walimwambia baba aibomoe. Alikataa. Alikata gogo la mpingo, akaliweka kama mkongojo chini ya boriti, na nyumba ikakaa hivyo, imeinama upande wa mashariki, kwa miaka miwili. Mama alikuwa akisema ina maumivu ya kiuno. Watoto wote, alisema dada, tulilala tumebingirikia ukuta mmoja, mimi mdogo wao nikiwa chini kabisa kwa kuwa mwepesi hubingirika kwanza.

Wakati anasema nilikuwa napaka. Paa bapa, kuta nene za udongo, ukanda mweusi wa mlango mdogo, pembe moja chini. Sikupima kitu na sikufikiri juu ya pembe. Nilifikiri juu ya watu sita wamelala wamebanana, na joto lao. Nilipovaa miwani, tembe ya Kigogo ilikuwa imekaa katikati ya Wajerumani, imewaegemea, wala haikuonekana mgeni.

Nilimpelekea mwalimu. Aliiweka kwenye kiti, akaenda mbali hadi kwenye lango la ua wake, akatazama kutoka kule. Aliporudi alionyesha upande wa kushoto.

"Nyumba hii haipo kwenye picha."

"Najua."

"Ni ya nani?"

"Ni ya mama yetu."

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Iache," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu kweli, akaniambia kwamba mbingu yangu ni chafu kwa sababu sikuosha brashi baada ya zambarau, na kwamba mlima nimeupaka haraka mno. Yote mawili yalikuwa kweli. Nilifurahi kuliko siku yoyote niliyopandishwa cheo.

Dada alifanyiwa upasuaji siku ya Jumanne. Ulikuwa mfupi kiasi kwamba nilikuwa bado natafuta mahali pa kukaa alipotolewa, jicho limefungwa, analalamika njaa. Kesho yake asubuhi bandeji iliondolewa, akapewa dawa za matone na miwani myeusi, na tukarudi nyumbani. Njiani hakusema lolote. Kwa dada yangu hilo si jambo la kawaida, nikaanza kuogopa. Alikuwa ameishusha ile miwani hadi puani na kuchungulia juu yake, anageuza shingo kulia, kushoto, kulia.

Kwenye baraza aliivua kabisa. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mke wangu aliyetoka kumpokea.

"Wifi," alisema, "kumbe hii khanga ni ya maua!"

Cha pili kilikuwa utando wa buibui kwenye pembe ya dari, akauliza umekaa pale tangu lini. Cha tatu kilikuwa picha yangu. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, mahali pake palepale. Akaisogelea. Akainama.

"Nani amepaka bluu hii?"

"Mimi. Ile barabara yako ya majivu."

"Hii?" Aliigusa kwa kidole. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye jicho lile, na daktari alikuwa amesema yatatoka, kwa hiyo sikujua niyahesabu kuwa ya nini. "Hii ndiyo ilikuwa hapa siku zote? Mbona inang'aa hivi? Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe, wifi. Nyinyi si waongo."

Tulimsamehe. Aliendelea kutazama, anapitia nyumba moja baada ya nyingine, na nilimwona uso unabadilika. Mwishowe akasimama wima, mikono kiunoni.

"Lakini nyumba zako zimepinda," alisema.

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini sakafuni.  Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyesema ndivyo zilivyo, yeye ndiye aliyesema hii ina hasira na zile zinasengenya.

"Nilisema," alikubali. "Wakati ule zilikuwa hivyo."

Kisha alifanya jambo ambalo naliona hata sasa. Alikaa kwenye kigoda mbele ya picha, akafunika jicho jipya kwa kiganja, akatazama kwa la zamani. Akahamisha kiganja, akatazama kwa jipya. Akarudia, mara nyingi, bila haraka. "Huku zinatembea," alisema. "Huku zimesimama, naona mistari ya brashi." Akafunika tena. "Huku ni nyumbani." Akafunua. "Huku ni kazi yako."

Chai ilipoa. Baadaye akasema, akiwa bado amefunika jicho moja, "Mwambie daktari asiharakishe sana na hili la pili."

Hata hivyo lilifanyiwa upasuaji, baada ya miezi miwili, na alikwenda mwenyewe, bila kusindikizwa. Akarudi Hombolo kwenye uwele wake. Picha nilimpa, akaikataa. Alisema kwake kuna moshi, na isitoshe nyumba anazo za kutosha za kutazama. Iko sebuleni kwetu. Wageni huuliza ni wapi, na mke wangu huwajibu kabla yangu. Kila mara anataja mahali tofauti.

Mwalimu aliniambia sasa nimemaliza kijiji cha watu, niende nikachore changu. Kwa hiyo baada ya mavuno nilibeba fremu, rangi na stendi ya mbao ya kuwekea picha, nikaenda kwa dada kukaa wiki moja. Asubuhi ya kwanza nilisimamisha stendi ukingoni mwa shamba lake, pale unapoona nyumba za majirani, mizabibu, na kwa mbali mlima na kipande cha bwawa. Nilikuwa sijamaliza kupaka mlima nilipoona watu. Kwanza wawili, kisha watano, wamesimama mbali kidogo, wananong'ona. Kisha akaja mwenyekiti wa kitongoji mwenyewe, amevaa koti.

"Shikamoo mzee," alisema. "Tunaomba kujua, ni upimaji wa nini? Maana hatukupata barua."

Nikaelewa. Mtu wanayemjua kuwa wa ramani za serikali, na stendi ya miguu mitatu, anafumba jicho moja na kuyatazama mashamba yao. Mimi mwenyewe ningeogopa. Nilimwambia sipimi kitu, nachora tu. Hakuonekana kuniamini. Nikamkaribisha aje aone.

Alizunguka, akatazama. Nilikuwa nimepaka ardhi rangi ya chungwa, mbuyu wa zambarau, na nyumba yake yeye, ile yenye bati, nilikuwa nimeiinamisha kidogo upande wa bwawa kwa sababu ndivyo ilivyonijia. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akawageukia watu wake.

"Rudini," aliwaambia. "Hii si ya serikali. Serikali haina miti ya zambarau."

Walikuja wote kuangalia baada ya hapo. Kila mtu alitafuta kwake, na aliyeikosa nyumba yake alilalamika, nikaiongeza. Dada alitoka jikoni na macho yake mawili mapya, makali kama ya mwewe, akasimama nyuma yangu akaanza kusahihisha. Mti ule una matawi matatu makubwa, nimeweka mawili. Mizabibu yake ni mistari saba, mimi nimefanya mitano. Na mbuzi yule mweusi nimemsahau.

"Dada," nilisema, "sichori ramani."

"Basi chora vizuri," alisema, akanifuta rangi shavuni kwa ncha ya kitenge chake, akaniita nikale. Kulikuwa na ugali wa uwele na mlenda, moto bado, na mwenyekiti alikuwa ameshanawa.